UZI: Pimbi, kamongo, silikanti na chura wa Kihansi: ni alama zipi hasa zinazomweka mnyama katika kundi lake?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, wengi wetu tulitoka shule ya msingi na kanuni tano za makundi ya wanyama wenye uti wa mgongo: mamalia huzaa, ndege huruka, reptilia hutambaa, amfibia huishi majini na nchi kavu, samaki huishi majini. Kanuni hizo ni nyepesi kukariri, lakini hazisimami mbele ya wanyama wa nchi zetu wenyewe. Popo wa Pemba huruka na si ndege. Mbuni haruki naye ni ndege. Nyangumi anayepita pwani yetu kila mwaka huishi baharini na si samaki. Chura wa Kihansi huzaa watoto walio hai na si mamalia. Naleta uzi huu ili tuzitazame kwa makini alama ambazo wanazuolojia huzitegemea kweli, na sababu ya kuzitegemea hizo badala ya nyingine.

Hoja yangu ni moja. Mnyama huwekwa katika kundi kwa nasaba yake, yaani kwa mzazi wa kale ambaye yeye na wenzake wote wametokana naye, wala si kwa mahali anapoishi, anavyotembea au anavyoonekana kwa mbali. Ukoo wa watu haupangwi kwa kanzu wanazovaa, na ukoo wa wanyama ni hivyo hivyo. Alama za mwili zina thamani kwa kadiri zinavyoshuhudia nasaba hiyo, na alama iliyo bora ni ile iliyoanzia kwa mzazi wa kundi lenyewe na kurithiwa na wazao wake, hata kama baadhi yao baadaye waliipunguza au kuipoteza.

Mfumo wa majina tunaoutumia uliwekwa na Carl Linnaeus wa Sweden. Katika toleo la kwanza la kitabu chake, mwaka 1735, nyangumi walikuwa miongoni mwa samaki. Katika toleo la kumi, la mwaka 1758, aliwahamishia kwa wanyama wanaonyonyesha na kulipa kundi hilo jina la Mammalia. Toleo hilo la 1758 ndilo wanazuolojia walilokubaliana kulihesabu kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Linnaeus alikuwa na ngeli sita tu: mamalia, ndege, amfibia (humo akiwatia na reptilia), samaki, wadudu, na minyoo, ambamo alikusanya kila kilichobaki, kuanzia konokono hadi matumbawe. Yeye alipanga kwa kufanana. Charles Darwin alipochapisha mwaka 1859 hoja yake kwamba spishi hubadilika na hutokana na mababu wa pamoja, kufanana kulipata maana nyingine, kwani sasa kulikuwa dalili ya undugu. Hatua iliyofuata ilitoka kwa Mjerumani Willi Hennig, mtafiti wa nzi, ambaye mwaka 1950 aliweka sharti lililo kali zaidi: kundi halali ni mzazi mmoja pamoja na wazao wake wote, bila kumwacha yeyote, na alama inayolithibitisha lazima iwe ilianza na kundi hilo. Kwa sharti hilo, kuwa na uti wa mgongo hakuwezi kumtambulisha mamalia, kwa sababu hata sangara anao.

Ngazi zenyewe mnazijua: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Simba, kwa mfano, ni wa himaya ya wanyama, faila ya Chordata, ngeli ya Mammalia, oda ya Carnivora, familia ya Felidae, jenasi ya Panthera, na spishi Panthera leo. Sitakaa zaidi kwenye ngazi, kwa kuwa ni rafu tu za kupangia. Kinachopangwa ndicho chenye uzito.

Mleta uzi (inaendelea)

Naanza na mamalia, kwa sababu hapo ndipo kanuni ya shuleni inapopotosha zaidi. Kuzaa si alama ya mamalia. Australia na New Guinea zina spishi tano za mamalia wanaotaga mayai, yaani platipasi mmoja na ekidna wanne, na wote hunyonyesha. Kwa upande mwingine mbung'o, ambaye ni mdudu, huzaa: jike hulea buu mmoja mmoja ndani ya tumbo la uzazi, humlisha kwa ute wa tezi maalumu ambao watafiti wenyewe huuita maziwa, kisha humtoa akiwa amekomaa kiasi cha kujichimbia udongoni mara moja. Papa wengi huzaa. Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya huzaa. Tabia hii imezuka mara nyingi katika nasaba zilizo mbalimbali, na ndiyo maana haiwezi kutuambia mnyama ni wa ukoo gani.

Alama za mamalia zinazotegemewa ni tezi za maziwa zilizo katika ngozi, nywele, taya la chini lililoundwa kwa mfupa mmoja tu kila upande, na mifupa mitatu midogo ndani ya sikio la kati. Hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu historia yake inasomeka katika miamba. Reptilia wana mfupa mmoja tu wa kupitisha sauti sikioni, lakini taya lao lina mifupa kadhaa. Katika nasaba iliyoelekea kwa mamalia, mifupa miwili iliyokuwa kiungo cha taya ilipungua polepole, ikaacha kazi ya kutafuna, ikahamia sikioni na kuwa ile tunayoiita nyundo na fuawe. Wanyama wa hatua za kati za safari hiyo ni sinodonti, na Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, ni mojawapo ya mahali ambapo visukuku vyao vimepatikana, katika miamba ya zama za Triasiki. Tukisikiliza redio leo, sauti inapita katika mifupa ambayo mababu wa mbali walitafunia.

Nywele nazo hazipotei kabisa hata pale zinapoonekana kupotea. Vile vinundu vilivyo kichwani mwa nyangumi-nundu, kila kimoja kina unywele wake. Kakakuona amefunikwa magamba hata watu wengi wakamdhania kuwa reptilia, lakini tumboni ana nywele, hunyonyesha, na uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba ndugu zake wa karibu zaidi miongoni mwa wanyama walio hai ni wala nyama, yaani ukoo wa simba, fisi na mbwa. Wale wanyama wengine wanaofanana naye kwa kula mchwa na kuwa na ulimi mrefu, kama muhanga, wako mbali naye sana.

Muhanga anatupeleka kwenye tawi ambalo kwangu ndilo fahari ya bara letu. Mwaka 1998 watafiti, wakitegemea DNA, walilipa jina la Afrotheria kundi la mamalia ambao kwa sura hakuna mtu angewaweka pamoja: tembo, nguva, pimbi, muhanga, sange, fuko-dhahabu na tenreki wa Madagaska. Pimbi wa kwenye miamba ya Mwanza na Serengeti anaonekana kama panya mkubwa, ila panya hana undugu naye wa karibu. Mtazameni meno. Pembe za tembo ni meno ya mbele ya taya la juu yasiyokoma kukua, na pimbi naye ana meno ya mbele ya juu yanayokua maisha yote, yaliyochongoka kama vipembe. Ngiri pia ana pembe zinazotoka mdomoni, lakini zile ni meno ya chonge, kwa hiyo kufanana kwake na tembo ni kwa nje tu. Zaidi ya hapo, dume la tembo, la nguva na la pimbi, yote matatu, huwa na korodani ndani ya tumbo, na jike la tembo na la nguva huwa na matiti kifuani, karibu na miguu au mapezi ya mbele. Nguva akiwa baharini anafanana na pomboo; kwa nasaba yuko na tembo.

Mchangiaji kutoka Mafia

Nashukuru sana kwa uzi huu. Huku kwetu papa potwe huja kila msimu, na wageni tunaowapeleka kumwangalia hubishana kama ni papa au ni nyangumi, kwa kuwa ni mkubwa kupita kiasi na hula kwa kuchuja viumbe vidogo vya majini, jambo ambalo nyangumi nao hulifanya. Je, kuna alama ambayo mtu anaweza kuionyesha akiwa juu ya boti, bila kupasua mnyama?

Mleta uzi

Ndugu yangu, ipo, nayo ni mkia. Mkia wa papa potwe umesimama wima na hupiga kushoto na kulia, kama wa samaki wengine. Mkia wa nyangumi na wa pomboo umelala, nao hupiga juu na chini. Tofauti hii si ya bahati. Uti wa mgongo wa samaki hupinda kwa pembeni, lakini uti wa mamalia anayekimbia hupinda juu na chini, kama mnavyoona mgongo wa duma anapofukuza swala. Nyangumi aliporudi baharini alirudi na mgongo huo huo wa nchi kavu. Alama ya pili ni mipasuo mitano ya matamvua kila upande wa kichwa cha papa potwe, ambayo nyangumi hana, kwani yeye hupumua kwa mapafu na ni lazima apande juu kuvuta hewa. Papa potwe anaweza kuzidi mita 12, naye ndiye samaki mkubwa kuliko wote walio hai, lakini mifupa yake yote ni gegedu.

Kuhusu nyangumi nitaongeza jambo moja. Jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni kiboko. DNA ilionyesha hivyo kwanza, na wataalamu wa visukuku wakabaki na shaka mpaka mwaka 2001, ilipotangazwa mifupa ya nyangumi wa kale wenye miguu kutoka Pakistani, ambao mfupa wao wa kifundo una kapi mbili, juu na chini, kama ulivyo wa kiboko, ng'ombe na mbuzi. Umbo hilo la kifundo halipatikani kwa mamalia wengine. Kufanana kwa papa potwe na nyangumi katika ulaji kumetokana na kazi moja inayofanywa majini. Kufanana kwa kifundo cha nyangumi wa kale na cha mbuzi kumetokana na urithi. Mwenye kupanga wanyama kazi yake kubwa ni kutenganisha aina hizi mbili za kufanana, na bawa la popo, la ndege na la kipepeo ni mfano mwingine: la popo ni ngozi iliyotandazwa kati ya vidole virefu, la ndege ni manyoya yaliyopandwa kwenye mkono ambao vidole vyake vimeungana, na la kipepeo halina mfupa wowote.

Mchangiaji kutoka Tanga

Naomba utufafanulie habari ya silikanti. Tangu wavuvi wa huku walipoanza kumpata katika nyavu za kina kirefu, na kisha ikaundwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, tumesikia kwamba yeye ni babu yetu. Wengine husema ni kamongo. Ni yupi, na kwa nini wote wawili wasiwe samaki tu?

Mleta uzi

Hakuna hata mmoja aliye babu yetu, kwa sababu wote wawili wako hai leo, nasi tuko hai leo. Walio jamaa huwa na babu mmoja. Mmoja wao hawi babu wa mwenzake. Swali la haki ni yupi tuliye karibu naye zaidi.

Silikanti alijulikana kwa visukuku tu, na ilidhaniwa kwamba alitoweka pamoja na dinosaria, takriban miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la East London huko Afrika Kusini, alipomwona katika shehena ya meli ya uvuvi. Baadaye alipatikana Komoro, na kuanzia mwaka 2003 akaanza kupatikana kwenye maji ya Tanzania, wengi wao Tanga. Mapezi yake yana shina la nyama lenye mifupa ndani, na mifupa hiyo imepangwa kwa namna inayofanana na mwanzo wa mkono: mfupa mmoja karibu na kiwiliwili, kisha mingine inafuata. Kamongo wa Ziwa Viktoria ana mapezi ya aina hiyo hiyo, ingawa yamekonda yakawa kama nyuzi, na juu ya hayo ana mapafu ya kweli. Ni lazima apande juu kuvuta hewa, na maji yakikauka hujizika matopeni ndani ya gamba la ute wake mwenyewe akisubiri mvua. Jenomu ya silikanti, yaani mpangilio wa DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2013, ulinganisho ulionyesha kwamba kamongo ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, na silikanti anafuata.

Matokeo yake ni haya, nami nayasema kwa uzito wake wote: kamongo ni jamaa wa karibu zaidi wa ng'ombe kuliko alivyo jamaa wa sangara au sato anayeishi naye ziwani. Kwa hiyo neno samaki linataja namna ya maisha, maisha ya mnyama wa majini mwenye uti wa mgongo, matamvua na mapezi. Halitaji nasaba moja kamili. Ndani yake mna angalau matawi manne: wasio na taya, wenye gegedu kama papa na taa, wenye mapezi ya miiba ambao ni wengi mno kuliko wengine wote, kuanzia dagaa hadi jodari, na wenye mapezi ya nyama kama silikanti na kamongo. Wala damu baridi haiwaunganishi wote, kwani jodari huhifadhi joto katika misuli yake kwa mishipa iliyopangwa ili damu inayotoka kwenye misuli iipashe ile inayoingia. Na katika mamalia yuko yule fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, ambaye joto la mwili wake hufuata joto la shimo lake.

Mwalimu wa sekondari

Mleta uzi, nakubaliana na mengi, lakini naona unatuachia mzigo. Mtoto wa kidato cha kwanza anahitaji kuanzia mahali fulani, na mtihani unamtaka ataje ngeli tano na sifa zake. Nikimwambia kwamba samaki si kundi moja, na kama najua unakoelekea, utasema pia kwamba reptilia si kundi moja, nitakuwa nimembomolea nyumba kabla hajaipata. Je, si afadhali kanuni rahisi yenye kasoro kuliko ukweli usiofundishika?

Mleta uzi

Mwalimu, hoja yako ni nzito. Sipendekezi kufuta ngeli tano. Napendekeza kubadilisha sifa zinazofundishwa, kwa sababu sifa sahihi si ngumu kuliko zile za kimakosa. Mtoto anaweza kukariri kwamba mamalia ana nywele na hunyonyesha kwa urahisi ule ule wa kukariri kwamba huzaa. Ndege ana manyoya yenye uti na vinyweleo. Hilo ni fupi, na mbuni na pengwini hawaliharibu. Amfibia ana ngozi tupu yenye ute inayopitisha maji na hewa. Reptilia ana ngozi kavu ya magamba ya keratini, na yai lake lina tando za ndani zinazomhifadhi mtoto ndani ya maji yake mwenyewe, hata aweze kutagwa nchi kavu.

Chura wa Kihansi ni kipimo kizuri cha sifa hizi. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, eneo lenyewe likiwa hekta chache tu zilizokuwa zikilowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Ana urefu usiofika sentimita tatu, na jike huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura, bila hatua ya kiluwiluwi majini. Kwa kanuni ya zamani hana pa kukaa: hazai kama amfibia wa kitabuni, wala hakulelewa dimbwini. Kwa kanuni ya ngozi na nasaba hana utata wowote, ni amfibia wa jenasi Nectophrynoides, ambayo haipatikani nje ya Tanzania. Na ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. Maji yalipochepushwa kwenda kuzalisha umeme, kuanzia mwaka 2000, manyunyu yakapungua, kisha ukaja ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia ni wazao wa wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na ni wao waliorudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012. Anayejua alama ya kundi la mnyama anajua pia kitu gani kitamuua. Ndiyo sababu sikubali kwamba somo hili ni la kukariri majina tu.

Yupo na amfibia ambaye watu wengi humkanyaga wakidhani ni nyungunyungu. Sesilia hana miguu, mwili wake una mikunjo ya mviringo, na huishi ndani ya udongo. Spishi moja ya milima ya Taita, Kenya, iliwashangaza watafiti mwaka 2006: watoto huanguliwa wakiwa na meno maalumu, na humla mama yao tabaka la nje la ngozi, ambalo huwa limejaa mafuta kwa ajili hiyo, na mama hadhuriki. Ukimfungua utakuta uti wa mgongo, taya na mapafu. Nyungunyungu hana hata kimoja.

Kuhusu reptilia umenisoma vizuri. Mamba ni jamaa wa karibu zaidi wa kuku kuliko alivyo jamaa wa mjusi au kenge. Moyo wake una vyumba vinne kama wa ndege, na mijusi, nyoka na kobe wana vitatu. Mama mamba hulinda kiota chake, na vifaranga wanapoanza kulia ndani ya mayai huwafukua na kuwabeba mdomoni hadi majini. Kati ya mamba na ndege wamo dinosaria, nao wako upande wa ndege, kama walivyothibitisha dinosaria wenye manyoya waliochimbuliwa China kuanzia mwaka 1996. Hapa sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Yule anayeitwa mjusi wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 kwa jasho la mamia ya vibarua wenyeji waliobeba mifupa kwa miguu hadi bandarini, na ambaye sasa amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, si mjusi. Ni dinosaria, na katika wanyama walio hai leo hakuna aliye karibu naye kuliko ndege. Kwa sharti la Hennig, reptilia hawatakuwa kundi kamili mpaka ndege waingizwe ndani yao. Darasani unaweza kusema hivi: ndege ni tawi la reptilia lililoota manyoya, na tumelipa ngeli yake kwa heshima ya desturi. Sentensi hiyo haimzuii mtoto kufaulu mtihani.

Daktari wa mifugo

Mjadala umekaa kwa wenye uti wa mgongo. Wafugaji ninaowahudumia huniletea kupe wachanga wakisema ni wadudu wa aina nyingine, kwa kuwa wana miguu sita. Kupe wakubwa wana minane. Tukitumia kuhesabu miguu, wafugaji wako sahihi.

Mleta uzi

Daktari, umegusa upungufu mkubwa wa uzi wangu, kwa kuwa wenye uti wa mgongo ni takriban asilimia tano tu ya spishi za wanyama zilizokwisha kuelezwa, na wadudu peke yao wanakaribia milioni moja. Kupe ni arithropodi kama mdudu: ana ganda la nje lenye kitini, miguu yenye viungo, na hukua kwa kujivua ganda. Anapotoka yaini ana miguu sita. Akijivua ganda mara ya kwanza hupata minane. Kwa hiyo hesabu ya miguu ni kweli kwa mkubwa tu. Tazama kichwani badala yake. Mdudu ana vipapasio na jozi ya mataya yanayotafuna, au yaliyogeuka kuwa mrija. Kupe, buibui, nge na utitiri hawana vipapasio katika umri wowote, na mdomo wao umeundwa kwa jozi ya viungo vya kubana au kuchoma viitwavyo kelisera. Tandu na jongoo hutofautishwa kwa pingili: tandu ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, jongoo ana mbili. Na wadudu wenyewe, kwa nasaba, ni tawi lililozuka ndani ya ukoo wa kaa na kamba.

Mchwa huwekwa na wengi pamoja na siafu, kwa sababu wote huishi kwa jamii zenye malkia na askari. Siafu ni jamaa wa nyuki na nyigu, mwenye kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, vipapasio vyake vimenyooka, na uchunguzi umethibitisha kwamba nasaba yake imo ndani ya mende, hata oda yake ya zamani ikafutwa na kuunganishwa nao.

Jongoo bahari, ambaye watu wa pwani humkausha na kumuuza, yuko mbali kabisa na jongoo wa shambani. Yeye, pamoja na kiti cha pweza, ana mwili uliopangwa kwa mafungu matano na miguu midogo ya maji inayosukumwa kwa mirija ya ndani. Kiinitete chake hufungua kwanza tundu litakalokuwa la haja kubwa na mdomo hufuata, jambo linalomweka upande mmoja na sisi wenye uti wa mgongo, mbali na wadudu, konokono na pweza.

Mchangiaji mwingine

Swali fupi kabla uzi haujafungwa. Nyumbani tumebishana: fisi ni wa ukoo wa mbwa au wa paka?

Mleta uzi

Wa upande wa paka. Oda ya wala nyama ina matawi mawili makubwa. Katika moja wamo mbwa, bweha, dubu na sili. Katika jingine wamo paka, simba, fungo, nguchiro na fisi, na ndani ya tawi hilo nguchiro ndiye aliye karibu zaidi na fisi. Miguu mirefu, pua ndefu na tabia ya kuwinda kwa kundi vimemfananisha na mbwa kwa sababu ya kazi moja, lakini umbo la mfupa unaofunika chumba cha sikio, pamoja na DNA, vinamrudisha kwa paka. Hata meno, ambayo kwa fisi madoa yanavunja mfupa wa nyati, hayatoshi kuwa alama ya familia: yuko fisi mdogo wa Afrika Mashariki na Kusini anayekula mchwa karibu peke yake, ambaye meno yake ya nyuma yamebaki vijiti visivyoweza kutafuna nyama. Yeye, fisi madoa, fisi miraba na fisi kahawia ndio spishi zote nne za familia ya Hyaenidae zilizosalia.